Waachieni vijana watundike madera

Ndugu zangu wa Mombasa,

Leo nawaandikia kutoka Berlin kwa hasira, mtaniwia radhi. Binamu yangu amenieleza kuwa yeye na wenzake walitaka kutundika madera matupu mahali pa wazi mjini, dera moja kwa kila binti wanayemjua aliyekwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani akarudi ndani ya sanduku. Siku tatu tu, kisha wayaanue. Ofisi waliyoiendea iliwazungusha: leo barua, kesho ada, keshokutwa "hayo ni mambo ya siasa". Lakini kilichonichoma zaidi ni nyinyi wazazi, mliowaambia wasiaibishe familia za watu.

Aibu gani, jamani? Mwaka 2025 gazeti la New York Times liliripoti kuwa Wakenya wasiopungua 274, wengi wao wanawake, walikufa Saudia katika muda wa miaka mitano. Kuna miili iliyorudi na alama za kuungua, na ripoti ya uchunguzi wa maiti bado ikasema ni kifo cha kawaida. Sisi tunapokea sanduku, tunazika, tunasema ni kazi ya Mungu, na ajenti anaendelea kusajili wasichana mtaa wa pili. Anayepaswa kuona aibu ni ajenti na waliompa leseni. Marehemu hana aibu yoyote.

Huku niliko, Februari 2016, msanii Ai Weiwei wa China alizifunika nguzo za ukumbi wa Konzerthaus kwa majaketi ya kuokolea maisha 14,000, yaliyoachwa na wakimbizi katika kisiwa cha Lesbos, Ugiriki, baada ya kuvuka bahari. Nilisogea karibu. Jaketi moja lilikuwa la mtoto, rangi ya chungwa imepauka kwa jua, mikanda yake bado imefungwa. Nikawawaza mabinti wetu, nikaona uchungu: majaketi ya wageni yamepewa nguzo katikati ya mji mkuu wa Ujerumani, na mabinti wetu hawana hata kamba ya nguo.

Wala msiniambie Wazungu wamezoea sanaa ya namna hiyo. Mwaka 2017 kule Dresden, msanii Manaf Halbouni, mtoto wa baba Msyria na mama Mjerumani, alisimamisha mabasi matatu wima uwanjani, kama yale ambayo watu wa Aleppo waliyasimamisha kujikinga na risasi. Siku ya ufunguzi watu walikuja kuzomea, na meya naye akazomewa. Mabasi yalibaki pale miezi miwili, kwa kuwa ruhusa ilishatolewa na kelele hazikuitengua.

Ruhusa ya namna hiyo ndiyo ninayowaombeni mpiganie. Bunge la kaunti litunge sheria ndogo ya sanaa ya muda. Itaje maeneo yenyewe: Mama Ngina, Treasury Square, na pembeni mwa Mapembe, yale matao ya pembe za ndovu ya Moi Avenue. Msanii atoe taarifa kwa karatasi moja, bila ada, aseme kazi itakaa siku ngapi, zisizidi 14, na nani atasafisha. Afisa akague usalama tu: kamba isimwangukie mtu, njia isizibwe. Ujumbe wa kazi yenyewe haumhusu. Akikataa, aandike sababu na atie sahihi. Akinyamaza siku tano, kunyamaza kwake kuhesabiwe kuwa ni ruhusa. Hatuombi fadhila, kwani kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Na Mapembe yale yaliwekwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wageni wa kifalme kutoka Uingereza. Mji uliompambia barabara binti wa mfalme wa watu hauwezi kukosa nafasi ya siku tatu kwa binti zake wenyewe.

Najua mtasema: wewe uko Ulaya, unatufundisha nini? Ni kweli niko mbali. Nyinyi ndio mliochanga nauli yangu, shangazi akauza dhahabu yake, nami nikafika salama. Binti wa jirani yetu alitumwa na ajenti, akarudi ndani ya sanduku. Alipozikwa nilituma pesa ya mchango kwa simu, kwa vile sikuwapo kulibeba jeneza, na mpaka leo pesa ile naiona ni ndogo na ya woga. Nawapenda, na ndiyo maana sitanyamaza.

Basi wiki hii mwendeeni mwakilishi wenu wa wadi, wazazi mkiwa mbele na vijana nyuma yenu, mumtake apeleke hoja bungeni. Akikwepa, mwambieni kura zenu zitakumbuka. Na wewe mama uliyebaki na dera la mwanao, vijana wakija kuliomba, wape. Gharama ya kamba na vibanio ni juu yangu.

Wenu,
Mtoto wa Mombasa, Berlin