Mapenzi, Umbali na Sare

Watu huuliza watunzi wa riwaya za mapenzi huchota wapi visa vyao. Sisi twasema huchota katika kutengana, jambo ambalo askari na polisi wanalijua kuliko wengi.

Marehemu Grace Ogot wa Kenya alisomea uuguzi nchini Uganda. Mumewe, Bethwell Ogot, ndiye mwanahistoria aliyeandika habari za Wajaluo na ndugu zao Wapadhola, wenyeji wa Petta. Walipokuwa wachumba, barua za Grace zilimvutia Bethwell hata akamhimiza awe mwandishi.

Mwaka 1966 ilitoka riwaya yake, The Promised Land. Ochola anahama Nyanza kwenda Tanganyika kutafuta utajiri. Mkewe, Nyapol, hapendi safari hiyo, lakini anamfuata. Mali inapatikana, kisha wivu wa jirani unamletea Ochola maradhi mabaya, na mali yote inaachwa nyuma. Kinachobaki ni mke asiyemtupa mumewe.

Ndugu walinzi wa mpaka, akina Nyapol wanapita mbele yenu kila siku, Busia na Malaba, mtoto mgongoni, wakiwafuata waume zao ng'ambo. Wakagueni kwa sheria, wala msiwadharau. Anayeitumia sare kumshurutisha mwanamke hana mapenzi; ni mhalifu kama wale anaowakamata.

Nanyi mnao wenzi wanaosubiri nyumbani. Lindo likiisha, waandikieni au wapigieni simu. Ahadi nayo huhitaji mlinzi.