Ada inalipwa, msaada uko wapi?

Mhariri,

Vyama vya wafanyabiashara mkoani Tanga ni hodari wa kukusanya ada. Kuwafundisha wanachama taratibu za forodha, hapana.

Muuza machungwa mmoja wa Muheza, mwanachama asiyedaiwa hata senti, alipitisha mzigo wake mpakani Horohoro kwenda Mombasa. Kishoka akamtoza pesa za “cheti”. Kumbe Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha uasili kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ikiwa bidhaa imo kwenye orodha ya zinazokubalika, na forodha hukitoa palepale mpakani. Chamani hakuna aliyewahi kumwambia. Kalenda yenye picha ya mwenyekiti, hiyo aliletewa!

Viongozi wajibu: lini watabandika orodha hiyo sokoni, kwa Kiswahili?

Msomaji,
Tanga