Motokaa Mbili Kuukuu na Bei ya Ng'ombe Mmoja

Katika vijiji vingi vya Kenya ipo motokaa moja isiyokwenda. Imesimama nyuma ya ghala, tairi zimelala, kioo kimoja hakipo, na kuku hutagia mayai juu ya kiti cha nyuma. Mwenyewe akiulizwa, husema kwamba ataitengeneza mwakani, naye alisema hivyo hivyo miaka kumi iliyopita. Watu humcheka na kumwita mvivu, lakini aghalabu kosa lake si uvivu. Kosa lilifanyika siku ile ile ya kununua, kwa kuwa alichagua motokaa kwa masikio: aliisikia injini ikinguruma vizuri, akatoa fedha.

Karani mmoja kijana wa chama cha ushirika cha kahawa, karibu na Karatina, alikuwa karibu sana kuingia katika shimo hilo. Hakutafuta motokaa ya kwendea kazini, maana kwa safari hiyo matatu yamtosha. Tamaa yake ilikuwa kujifunza ufundi kwa mikono yake mwenyewe: apate motokaa kuukuu ya bei nafuu, aifungue jioni na siku za Jumamosi, aitengeneze, na mwishowe aiendeshe. Mkewe hakupinga, ila aliweka sharti. Akiba yao ilikuwa imekusudiwa kununua ng'ombe wa pili wa maziwa. Basi wakapatana kwamba gharama zote, za kununua na za kutengeneza, zisizidi bei ya ng'ombe mmoja. Zikizidi, motokaa itakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na hapatakuwa na mabishano. Mkewe akafungua daftari la shule, akaandika sharti hilo katika ukurasa wa kwanza.

Motokaa zilizoonekana zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa Volkswagen ya 1969, ile yenye umbo la kobe, ambayo ilikaa Mombasa miaka mingi kabla ya kuletwa Nyeri. Ilikuwa imepakwa rangi mpya ya buluu, na injini iliwaka mara tu ufunguo ulipozungushwa. Ya pili ilikuwa Peugeot 504 katika banda la shamba karibu na Nanyuki. Tangu mwenyewe alipofariki haikuguswa. Ilijaa vumbi na mavi ya popo, na injini yake haikuzunguka hata kidogo. Bei zao zilikaribiana, Peugeot ikiwa chini kidogo.

Kwa majina, zote mbili ni za ukoo mkubwa. Volkswagen ilishinda mashindano ya Safari katika miaka ya 1954, 1957 na 1962, na Peugeot 504 ilishinda mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Wazee wengi wanaikumbuka 504 ndefu ikibeba abiria wa safari za mbali, mizigo juu na watoto mapajani. Lakini sifa za namna hiyo hazimsaidii mnunuzi. Hata ile 504 ya 1978 ilikuwa na injini ya silinda sita, wala haikufanana na hii iliyolala bandani. Mnunuzi hanunui jina; ananunua bati na vyuma vilivyo mbele yake siku hiyo.

Kijana huyo alimwendea mjomba wake, fundi aliyestaafu baada ya kutengeneza malori kwa miaka mingi.

"Mjomba," alisema, "ile ya buluu inakwenda. Ile nyingine ni maiti."

Mjomba alimtazama. "Mwanangu, wewe wataka motokaa ya kwenda, au wataka motokaa ya kutengeneza?"

"Ya kutengeneza, Mjomba."

"Basi kwa nini watoa fedha kwa sababu ya kitu kilicho kizima, na kile kilichooza hujakitazama?"

Walikwenda kwanza Nyeri. Mjomba hakuifungua injini. Alitandika gunia, akalala chali, akaingia chini ya Volkswagen na tochi na bisibisi. Kwa muda hakusema neno. Kisha bisibisi ikasikika ikipenya bati kama ipenyavyo papai bivu. Katika motokaa za aina hii betri hukaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, na tindikali ikimwagika mwaka hata mwaka huila sakafu. Hapo palikuwa pamezibwa kwa kipande cha bati na lami. Lakini ubaya mkubwa ulikuwa kandokando, chini ya milango. Volkswagen ina mifereji miwili ya bati, mmoja kila upande, ambayo hupeleka hewa moto kutoka injini iliyo nyuma hadi mbele. Watu hudhani kazi yake ni hiyo tu. Kwa kweli ndiyo mbavu zinazoipa bodi nguvu. Zikiliwa na kutu, bodi hulegea katikati, na milango huanza kugoma kufunga. Mjomba alifungua mlango wa dereva, akaunyanyua kwa mkono, na bodi yote ikatoa mlio.

Baadaye alipitisha sumaku ndogo juu ya ile rangi mpya. Mlangoni ilinata, kuzunguka mataa ya mbele na chini ya milango ilianguka, maana hapo bati lilikuwa limekwisha na mashimo yamejazwa fila. Hewa ya chumvi ya pwani ilikuwa imefanya kazi yake taratibu, na mpaka rangi akamalizia kwa kuificha.

Hata injini iliyosifiwa haikupita salama. Ilipozimwa, mjomba alishika puli iliyo nyuma kwa mikono miwili, akaivuta na kuisukuma. Shafti ya injini hii haipasi kucheza mbele na nyuma zaidi ya sehemu 15 za mia za milimeta, kiasi ambacho mkono hausikii kishindo chochote. Hii ilisikika wazi: ko, ko. Mkono ukisikia hivyo, beringi kuu zimelika au nyumba yake imetanuka, na dawa ni kuifungua injini yote na kuitenga nusu mbili. Tena katika zile za kabla ya 1970 silinda ya tatu hupata joto kuliko wenzake, kwa sababu kipozea mafuta kimewekwa katika njia ya upepo unaokwenda kuipoza. Fundi mwangalifu huichunguza vali ya moshi ya silinda hiyo kabla ya nyingine. Bomba la mpira la petroli, karibu na injini, lilikuwa na nyufa. Na bomba la namna hiyo limekwisha kuteketeza Volkswagen nyingi duniani kwa moto.

Haki yake Volkswagen lazima ipewe. Kwa mtu anayeanza, pengine hakuna motokaa iliyo rahisi kuielewa kuliko hiyo. Haina rejeta wala maji ya kupoza. Injini yake imeshikwa kwa bolti nne tu, na watu wawili wenye jeki nzuri huweza kuishusha kabla ya chakula cha mchana. Zaidi ya milioni 21 zilitengenezwa, na ya mwisho ilitoka katika kiwanda cha Mexico mwezi wa Julai 2003, hivyo vipuri havijawa adimu. Kama Volkswagen hii ingalikaa Nanyuki, na Peugeot ile ingalikaa Mombasa, shauri la mjomba lingaligeuka.

Juma lililofuata walifika Nanyuki. Mama mwenye shamba aliwafungulia banda, akawaletea chai. Mjomba akalala tena juu ya gunia lake. Safari hii bisibisi iligonga, haikupenya. Sakafu ilikuwa nzima, vizingiti vya milango vizima, na mahali springi za mbele zinaposhikana na bodi, ambapo kutu hupenda kuanzia, palikuwa na vumbi jekundu tu. Taa zote zilikuwapo, vioo vyote vilikuwapo, na hata kile kisanduku cha spana kilikuwa chini ya kiti. Jambo hili wengi hulidharau. Kitasa kimoja au ukingo wa kioo, katika motokaa ambayo haitengenezwi tena, huweza kumtembeza mtu Nairobi siku tatu asikipate.

Mjomba alifungua kifuniko cha mafuta ya injini. Ndani yake palikuwa na utando mweupe mzito, kama mtindi. Kijana alivunjika moyo, kwani alijua kwamba hiyo ni dalili ya maji kuingia katika mafuta. Mjomba alifurahi kidogo, kwa kuwa sasa alijua ugonjwa. Silinda hedi ya 504 ni ya aluminiamu, na chini yake ni chuma. Injini ikikosa maji na kuchemka, hedi hupinda, gasketi huungua, na maji hupata njia. Hedi iliyopinda kidogo hupelekwa kwa fundi wa mashine ikachongwa iwe sawa. Tena pistoni za injini hii hupanda na kushuka ndani ya vikombe vya chuma, ambavyo mafundi huviita slivu, navyo maji huvizunguka kwa nje. Vikilika havihitaji kutobolewa upya kiwandani: hutolewa, na vipya vikatiwa pamoja na pistoni zake. Kazi ya namna hiyo mtu aweza kuifanya juu ya meza nyumbani, akiwa na kitabu na uangalifu. Ila asiizungushe shafti wakati hedi imeondolewa kabla hajazibana slivu, maana zitanyanyuka na kuharibu gasketi zilizo chini yake.

Njiani wakirudi, mjomba alieleza hesabu yake. Injini iliyokufa hufunguliwa kipande kwa kipande. Mwezi huu hununuliwa gasketi, mwezi ujao mipira ya breki, na mtu akikosa fedha vyuma hungoja sandukuni bila kudai kitu. Katika Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, hupatikana hata vitu ambavyo muuzaji mwenyewe hajui jina lake. Kutu haingoji. Huendelea kula usiku wakati mwenye motokaa amelala. Kuiondoa kwataka mashine ya kuchomelea, bati la unene ufaao, na mkono uliokwisha zoea. Anayeanza akikata mbavu zote mbili za Volkswagen kwa pamoja, asiweke vyuma vya kuishikilia bodi, itapinda, na milango haitafunga tena mpaka mwisho wa dunia. Mwanafunzi hujifunza kwa kukosea, hilo ni la kweli, lakini afadhali akosee katika kitu cha kununua kingine.

Usiku ule daftari lilifunguliwa. Upande wa Peugeot iliandikwa bei, lori la kuibeba, kuchonga hedi, gasketi, betri, mipira yote ya breki, na tairi nne. Tairi zile za zamani zilikuwa na meno mazuri, lakini ubavuni zilikuwa zimepasuka-pasuka kwa uzee, na mjomba alikataa katakata zitumiwe. Breki aliziweka juu ya orodha, kabla ya injini. Hesabu ilifika karibu na bei ya ng'ombe, ikasimama chini yake kidogo. Upande wa Volkswagen mke wa karani aliandika bei na gharama ya kuchomelea aliyoikadiria mjomba, akajumlisha, akafunga daftari.

Jambo moja lilibaki, nalo ndilo lingaliweza kuharibu yote. Kitabu cha Peugeot kilikuwa bado katika jina la marehemu. Kijana alikuwa tayari kulipa na kuichukua, kwa kuwa mama yule alikuwa mwaminifu na hakuna aliyemtilia shaka. Lakini motokaa ya marehemu ni sehemu ya urithi kama shamba na ng'ombe. Mjane hawezi kuiandikisha kwa jina la mnunuzi mpaka mahakama itoe hati ya kusimamia mali, na hati hiyo ithibitishwe. Maombi hutangazwa katika Gazeti la Serikali, na watu hupewa siku 30 za kuleta pingamizi. Tena, isipokuwa mahakama ikiamua vingine, uthibitisho hungojwa miezi sita baada ya hati kutolewa. Mtu anayelipa kabla ya hapo huweza kutengeneza motokaa kwa jasho lake miaka miwili, kisha akatokea mtoto wa marehemu kutoka mbali na kudai chuma cha baba yake, naye ana haki.

Basi karani hakulipa. Alirudi Nanyuki siku ya Jumamosi, akamweleza yule mama kwa adabu. Kumbe mama mwenyewe alikuwa hajaanza maombi kwa sababu hakujua aanzie wapi, na shamba pia lilikuwa likingojea hati hiyo hiyo. Kijana, ambaye kazi yake ni makaratasi, aliambatana naye mpaka mahakamani, akamsaidia kujaza fomu. Walikubaliana bei mbele ya wanawe wawili, ikaandikwa, na fedha zikabaki benki.

Volkswagen ya buluu iliuzwa juma lile lile kwa mtu aliyeisikia ikinguruma.

Kabla ya kuondoka Nanyuki, kijana aliomba ruhusa ya kufanya jambo moja dogo, naye mama akamwambia, "Fanya, mwanangu, haitakuwa mbaya kuliko ilivyo." Alitoa plagi nne, akamimina mafuta mepesi katika kila tundu kama alivyofundishwa, akazirudisha kwa mkono bila kuzikaza. Aliporudi baada ya majuma mawili kuleta karatasi za mahakama, alizitoa tena plagi, akatia spana katika nati ya puli ya mbele, akaivuta polepole. Mara ya kwanza haikujibu. Mara ya tatu ilizunguka kiasi cha upana wa kidole, ikakwama. Aliongeza mafuta, akafunga banda, akaenda kunywa chai.