Na Mimi Wameniandika Wapi?

Watunzi wa nyimbo tukikutana, hata kikombe cha kwanza cha kahawa hakijaisha, tumeshaanza kulia wizi. Fulani kachukua kiitikio changu. Prodyuza kaweka jina lake. Mwimbaji kahojiwa redioni, kaulizwa wimbo ulimjiaje, naye bila haya kasimulia kwamba aliuota. Nimekaa vikao hivyo kwa miaka 12 na sauti yangu humo si ndogo. Leo nasema jambo ambalo halitanipendezesha kijiweni: wengi wetu tunaolia kuibiwa ni wezi, na tunaiba nyumbani kwetu.

Naanza na mimi mwenyewe, maana ushahidi ninao.

Naandikia watu wengine, zaidi taarabu ya kisasa, na mara mojamoja Bongo Fleva, mteja akija na fedha mkononi. Tunaishi Mbagala, vyumba viwili na sebule. Sebule ni ofisi ya mke wangu, ambaye ni fundi cherehani. Mimi nina kona yangu, kati ya kiroba cha vipande vya vitambaa na mlango wa jikoni. Nimezoea kuandika cherehani ikilia. Ikisimama, nami husimama.

Mwaka juzi nilikauka. Miezi mitatu sikupata wimbo. Kila mstari niliouweka kwenye karatasi niliusikia ukisomwa na mtu anayenicheka, na mtu huyo alikuwa na sauti yangu. Nilisikiliza kazi zangu za zamani nikaona kama ziliandikwa na mwenzangu mmoja mwenye akili kuniliko, aliyehama bila kuaga. Usiku nilikuwa nikihesabu: ada ya shule, kodi, na je, huyu mtunzi aliwahi kuwepo kweli au watu walinivumilia tu?

Wenzangu walinipa dawa ileile wanayopeana siku zote. Jitenge. Utunzi unataka upweke, watoto na mke ni kelele. Nikachukua fedha ambazo hazikuwa za hilo, nikaenda gesti Bagamoyo kwa siku tatu. Niliandika mistari minne, yote kuhusu bahari, ya aina ambayo mtu yeyote aliyewahi kuona kalenda ya ukutani angeiandika. Usiku wa pili binti yetu mdogo alipandwa na homa. Mama yake alimbeba mgongoni usiku kwenda zahanati, wala hakunipigia simu. Nilirudi na mistari minne na harufu ya dawa ya mbu.

Nilimkuta anashona sare za harusi, vitenge vimejaa hadi kwenye kona yangu. Nikafoka. Nikasema nyumba hii haina nafasi ya mtu kufikiri. Alinyanyua mguu kwenye pedali, akanitazama, akasema: "Nguo ikichanika najua pa kuanzia. Wewe ukichanika, nikushike wapi?"

Sasa nisikilize vizuri, wewe unayeniona msanii. Mwanamke yule alikuwa hajalala siku mbili. Alikuwa anauliza swali, tena swali la kweli, na machozi yalikuwa yamemlenga. Mimi sikumjibu. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu mizani. Nilitafuta kalamu. Kabla hajamaliza kufuta uso kwa ncha ya khanga nilikuwa na kiitikio, na kabla ya alfajiri nilikuwa na wimbo mzima.

Wimbo ulishika. Ulipigwa kwenye sherehe na kwenye daladala. Jioni moja mke wangu alirudi kutoka Kariakoo kununua nyuzi, akakaa kumenya vitunguu, akasema, "Leo nimeyasikia maneno yangu kwenye gari." Akaendelea kumenya. Nilicheka, nikadhani ananisifu.

Wiki chache baadaye nikaona video ya wimbo imewekwa mtandaoni. Chini yake waliandikwa mwimbaji, prodyuza, mwongozaji, hadi aliyempaka mwimbaji poda. Mimi sikuwemo. Nilipandisha mori nyumba nzima ikatetemeka. Nilitaja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo sisi watunzi tunaijua kama sala pale tunapowadai wengine. Nilisema mtu akichukua maneno ya mwenzake bila kumtaja amemla nyama. Mke wangu alinisikiliza hadi nikachoka.

"Na mimi," akauliza, "wameniandika wapi?"

Najua mtakachonijibu, kwa kuwa nilimjibu hivyohivyo. Maneno ni ya watu wote. Kila mtu husema, mtunzi ndiye hujenga. Fundi hamlipi mwenye shamba la pamba jina kwenye gauni. Hoja hii ina ukweli na siikatai: beti tatu zile ni zangu, na kuzipanga zikaimbika si kazi ya mtu aliyepita njiani. Lakini tazama tunavyoitumia. Mstari ukitoka kwa mshairi maarufu, tunamtaja kwa fahari, maana jina lake linatupandisha. Ukitoka kwa mama, kwa shangazi, kwa dada aliyekuwa anatusuka, ghafla unakuwa "maneno ya mtaani". Bembea ambazo bibi zetu walitunga wakiwalaza wajukuu huingia kwenye rekodi zikiitwa wimbo wa asili, kana kwamba zilichipuka zenyewe kama uyoga.

Angalia hata tunavyobishana. Tumegombania Malaika miaka na miaka, kama ni wa Fadhili William aliyeurekodi au wa wengine waliodai kuutunga. Majina ninayoyasikia kwenye ubishi huo ni ya wanaume. Sijawahi kusikia mtu akiuliza yule malaika mwenyewe alisema nini. Siti binti Saad, aliyesafiri na kundi lake kwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, alijua kusikiliza mji wa Unguja na habari zake, na simlaumu, ningetamani nusu ya masikio yake. Lakini wimbo wake unaosimulia mauaji ya mwanamke aliyekuja mgeni mjini tunaukumbuka kwa jina la Kijiti, aliyemuua. Hivyo ndivyo masikio yetu yalivyofundishwa.

Tena sidhani tunafanya hivi kwa ulafi. Fedha zenyewe ziko wapi? Tunafanya kwa woga. Ile sauti inayonicheka usiku inaniambia kwamba sina kitu, na kumtaja mke wangu ni kuipa ushahidi. Nikisema kiitikio kile ni chake, nitabaki na nini? Basi tunaficha chanzo, tunasingizia ndoto na upepo wa Bagamoyo, halafu tunashangaa kwamba wasiwasi haupungui. Utapunguaje, na mtu anayejua ukweli analala upande wa pili wa kitanda?

Na huu ushauri wa kujitenga ndio unaoniudhi kupita yote. Tunawaita kelele watu ambao bila wao tusingekuwa na la kuandika. Tunawaachia homa za watoto, kisha tunarudi kuvuna wanachokisema wakiwa wamechoka.

Wimbo uliofuata nilipeleka studio karatasi yenye majina mawili. Mstari wa tatu ulikuwa wake, na safari hii nilimuomba. Prodyuza akauliza huyu wa pili ni msanii gani. Nikamwambia ni fundi cherehani. Alicheka, kisha akaniuliza kama nina matatizo nyumbani.

Nilirudi na karatasi ili naye asaini. Aliisoma yote, mpaka yale maandishi madogo ya chini, kwa utulivu wa mtu anayekagua mshono wa mwanafunzi wake.

"Asilimia kumi," akasema.

Nikamwambia ni mstari mmoja tu.

"Na ule wa kwanza?"

Karatasi iko chini ya mkasi wake, juu ya meza ya cherehani, siku ya tisa leo. Bado hajasaini.