Barabara ya Ubundu: winchi ya mkono isidharauliwe

Gari la dawa au unga likizama kwenye matope kati ya Kisangani na Ubundu, wa kwanza kuliona ni watu wa kijiji cha karibu, na wa mwisho kupata habari ni familia inayolingoja. Maporomoko ya Boyoma hayapitishi boti, treni ya ile reli ya kilometa 125 haitembei kila siku, na tangu ugomvi wa Wambole na Walengola ulipozuka mwaka 2023, kuna familia zilizohama ambazo chakula chao ni gari lifike. Kwa hiyo habari ya winchi si ya mafundi peke yao.

Wanunuzi wengi hupenda winchi ya umeme mbele ya Land Cruiser. Inavutia kweli: unabonyeza, gari linajitoa. Shida ni kwamba wanasoma namba iliyoandikwa na kuishia hapo. Namba hiyo ni nguvu ya winchi wakati kamba imebaki mzunguko wa kwanza kwenye ngoma. Kamba ikiwa imejaa, nguvu hupungua sana. Land Cruiser iliyopakiwa hupita tani 3, na kawaida huchukuliwa winchi ya mara moja na nusu ya uzito huo, yaani karibu tani 5. Tena inakula umeme: betri iliyochoka inaisha upesi, na injini ikiingia maji ikazima, winchi inabaki na umeme wa betri tu, nao haudumu. Betri mpya itanunuliwa wapi katikati ya msitu?

Ile ya mkono, ambayo madereva huiita Tirfor, ni ya polepole, nzito, inachosha mabega. Lakini haiulizi betri wala injini. Inafungwa mbele, nyuma au ubavuni, na katika njia hii mara nyingi gari linaokolewa kwa kurudishwa lilikotoka, kazi ambayo winchi ya bampa ya mbele haiwezi. Ipo ya kilo 1,600 na ipo ya kilo 3,200. Hii ya pili, ikiongezewa puli moja, hukaribia tani 6. Miti ya kufungia haikosekani huku, mradi utumike mkanda mpana ili gome lisichunwe. Mti wa shambani una mwenyewe.

Kama fedha zinatosha kimoja tu, kinunuliwe hicho cha mkono, pamoja na puli, mkanda, pingu mbili na koleo. Ya umeme ingoje.

Na watoto wanaokuja kutazama wasogezwe mbali, kupita urefu wa kamba iliyotandazwa. Kamba ya chuma ikikatika hukata kama panga. Dereva aitupie koti zito au gunia la mchanga juu yake, na asiruhusu mtu yeyote kuiruka. Wale vijana waliochimba tope chini ya ekseli walipwe kabla gari halijaondoka.