Tangi Kubwa la Samaki: Tusiihamishe Amana kwa Pupa



Sifa zote njema anastahiki Allah (SWT), Mola wa viumbe wote, wa nchi kavu na wa baharini. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, wapo miongoni mwetu wanaofuga samaki wa maji ya chumvi majumbani. Mwanafunzi wangu mmoja, ambaye kwao wanataka kuwahamisha samaki kutoka tangi la lita 200 kwenda tangi la lita 400, aliniuliza darasani: "Ustadh, wakifa wakati wa kuhama, tunapata dhambi?" Wenzake walicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Hilo ni swali la fiqhi, na jibu lake linawahusu wazazi kuliko watoto.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kumpanulia kiumbe nafasi ni jambo jema. Lakini tangi kubwa huwa rehema pale tu mwenye nalo anapokuwa tayari kuhamisha kila kinachowapa uhai samaki wale, na kwa utulivu. Asiyekuwa tayari, abaki na dogo alitunze vizuri. Hana lawama.

Je, kuwafuga kwenyewe kunafaa?

Dalili mashuhuri ni kisa cha Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (RA), kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Mtoto huyu alikuwa na ndege mdogo wa kucheza naye. Ndege alipokufa, Mtume (SAW) alimtania kwa upole na kumuuliza habari za ndege wake. Wanazuoni wetu wa Kishafi wameizingatia sana hadithi hii. Ibn al-Qaass aliiandikia risala akatoa faida zaidi ya 60. Miongoni mwa waliyoyachukua wanazuoni humo ni ruhusa ya mtoto kufuga ndege, madhali hamtesi.

Sharti hilo la kutomtesa ndilo zito. Katika vitabu vya madhehebu, kama Minhaj ya Imam Nawawi, utakuta katika mlango wa nafaka kwamba mwenye mnyama analazimika kumlisha na kumnywesha. Akikataa, hulazimishwa kumlisha, kumuuza, au kumchinja kama ni wa kuliwa. Na sote tunamjua yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie mwenyewe. Samaki ndani ya kioo ni kama paka yule aliyefungwa: hana pa kwenda kujitafutia. Hata maji anayovutia pumzi yamo mikononi mwako.

Kinachohama si samaki peke yao

Hapa ndipo wengi hawajui, na hapa ndipo samaki hufa. Tangi lililokaa mwaka au miaka miwili si kioo na maji tu. Samaki wanapokula na kutoa uchafu, maji hupata amonia, ambayo ni sumu kwao. Allah (SWT) amejaalia bakteria ambao huigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo kali kama hizo mbili. Bakteria hawa huchukua wiki kadhaa kuongezeka hadi kufikia idadi ya kutosha. Wengi wao hawaishi ndani ya maji. Wanajishika kwenye mawe, kwenye mchanga na ndani ya sifongo za filta.

Basi mtu anayewahamisha samaki, akaweka mawe mapya yanayong'aa, mchanga mpya na filta mpya, amewatoa kwenye mji na kuwatupa jangwani. Siku ya kwanza watu watasifu jinsi tangi linavyopendeza. Siku ya tatu au ya nne samaki wanahema juu juu, na mwenyewe anamlaumu aliyemuuzia chumvi.

Katika Suratur-Rahmaan Mola wetu ametaja mizani na akatukataza kuipotoa. Tangi lililokomaa ni mfano mdogo wa mizani hiyo. Imejengwa na viumbe ambao hata hatuwaoni, na tunaweza kuivunja kwa asubuhi moja.

Namna ya kuhamisha kwa ihsani

Mtume (SAW) alimsifu Ashajj wa Abdul-Qays kwa mambo mawili anayoyapenda Allah: upole na kutofanya pupa. Hadithi hiyo iko kwa Muslim. Haya yafuatayo ni matumizi yake katika jambo letu.

Kwanza, tazama sakafu kabla ya kununua. Lita 400 za maji ya chumvi zina uzito wa zaidi ya kilo 400, hujaweka kioo wala mawe. Meza ya sebuleni haibebi mzigo huo. Anayeishi ghorofani amuulize fundi, na mpangaji amuulize mwenye nyumba.

Pili, tengeneza maji siku moja kabla. Sisi wa Kampala, Kigali au Bujumbura hatuna ufukwe wa kuchota, tunayatengeneza kwa chumvi maalumu ya matangi, si ya jikoni. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, kwa hiyo lita 200 za nyongeza zinahitaji takriban kilo 7. Tumia maji yaliyochujwa vizuri, kwa sababu maji ya bomba ya mjini yana klorini. Yakorogwe na pampu usiku kucha, yapashwe moto, kisha yapimwe mpaka chumvi na joto vilingane na tangi la zamani.

Tatu, anza asubuhi baada ya Alfajiri, na usichague Ijumaa. Ni kazi ya saa nyingi, na swala haipotezwi kwa ajili ya samaki. Andaa pampu ya hewa ya betri, maana umeme wetu tunaujua.

Nne, toa mawe na matumbawe kwanza, uyaweke kwenye ndoo zenye maji ya tangi lenyewe. Yasikauke. Sifongo za filta nazo zibaki ndani ya maji hayo, na usizisuuze kwa maji ya bomba, kwani klorini itawaua bakteria uliowahangaikia. Mawe yakishatoka, punguza maji, na hapo samaki wanakamatika bila kufukuzwa huku na huko. Waweke kwenye chombo chenye mfuniko na hewa, mahali pasipo na mwanga mkali.

Tano, tahadhari na mchanga wa zamani. Chini yake kuna uchafu wa miaka, na ukivurugwa unaweza kutoa amonia na hewa yenye harufu ya mayai yaliyooza, ambayo ni sumu. Usiumimine ulivyo. Uoshe kwa maji ya chumvi mpaka yatoke safi, au weka mchanga mpya na uchanganye na kiasi kidogo cha ule wa zamani uliosafishwa.

Sita, panga mawe, weka mchanga, jaza maji ya zamani yaliyo safi pamoja na mapya, washa pampu na hita. Pima tena joto na chumvi. Kisha ongeza maji ya tangi jipya kidogo kidogo kwenye chombo cha samaki kwa muda wa nusu saa au zaidi, ndipo uwaingize. Siku hiyo taa zizimwe, na chakula kiwe kidogo kwa siku chache.

Saba, pima amonia na nitriti kila siku kwa wiki mbili. Zikionekana, badilisha sehemu ya maji mara moja. Tangi la zamani usiliuze haraka, litafaa kumtenga samaki mgonjwa. Na maji ya chumvi yaliyobaki usiyamwage kwenye migomba ya jirani. Chumvi huua mimea, na kumdhuru jirani ni haramu.

Tangi kubwa ni kwa ajili ya nani?

Hapa nina neno kwa wazazi. Wengi husema, "Samaki wetu wamebanwa, tuwapanulie." Maneno mazuri. Lakini mwezi haujaisha, tangi limejazwa kangaja, vitatange na wengine, mpaka msongamano umekuwa uleule. Hapo aliyepanuliwa si samaki, ni jicho la mgeni anayeingia sebuleni.

Tukumbuke pia wanakotoka. Wengi wa samaki wa mapambo wa baharini huvuliwa kwenye miamba ya matumbawe, ikiwemo ya pwani ya Kenya. Hawakuzaliwa dukani. Yule mwenye mistari myeupe, ambaye watoto humwita Nemo tangu filamu ile ya mwaka 2003, huzalishwa pia na wafugaji, lakini aina nyingi bado zinatoka mwambani. Kila anayekufa kwa uzembe wetu, tunakwenda kununua mwingine, na mwamba unapunguziwa mmoja. Kwa hiyo naona, baada ya kuhama, familia isiongeze samaki hata mmoja kwa mwezi mzima au zaidi. Wasaa wafaidi waliokuwemo.

Wako watakaosema: "Ustadh, ni samaki tu, tunawakaanga kila siku." Ndiyo, tumehalalishiwa kuwala. Lakini Mtume (SAW) ametufundisha ihsani hata katika kuchinja, kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Ikiwa yule anayekwenda chunguni ana haki hiyo, vipi huyu uliyemleta nyumbani kwa ajili ya kumtazama tu?

Jibu la mwanafunzi

Mafakihi wanasema mwenye kushika amana halipi ikiharibika, ila akizembea au akivuka mpaka. Naona tunaweza kuipima hali yetu kwa kanuni hiyo. Ukijifunza, ukajiandaa, ukapima, ukaenda polepole, kisha samaki akafa, hiyo ni ajali yake imefika. Huna dhambi inshaallah, na huenda ukapata ujira kwa ulivyojitahidi. Lakini ukihamisha kwa pupa ili tangi liwe tayari kabla ya wageni wa Idi, hukuuliza wala hukupima, basi usiseme ni qadari tu. Ngamia hafungwi kwa maneno.

Wazazi, washirikisheni watoto katika kazi hii. Mmoja ashike daftari la vipimo, mwingine aangalie joto. Mtoto aliyefundishwa kumhurumia kiumbe asiyeweza kulia, tunatarajia atamhurumia mdogo wake, mzee wake na jirani yake. Faida hiyo ni kubwa kuliko tangi lenyewe.

Tunamuomba Allah (SWT) atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotunza amana, kubwa na ndogo, na atutie huruma nyoyoni mwetu kwa viumbe vyake vyote. Amin.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.