Ukoo wa Senene Unamhusu Daktari

Msimu wa senene ufikapo mkoani Kagera, walaji wengi humhesabu mdudu huyo kuwa aina ya panzi. Jicho hudanganyika. Senene ana vipapasio virefu vyembamba kama uzi, huimba kwa kusuguanisha mabawa ya mbele, na masikio yake yamo miguuni, chini kidogo ya goti. Kwa sifa hizo amefanana na nyenje kuliko panzi.

Vinasaba vimeithibitisha nasaba hiyo. Mwaka 2020, timu iliyoongozwa na Hojun Song wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, Marekani, ilichapisha mti wa ukoo uliotokana na kulinganisha vinasaba vya spishi zaidi ya 200. Jamaa wa senene na nyenje wamo katika tawi moja. Panzi na nzige wamo katika jingine. Matawi hayo yalitengana zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita.

Je, hayo yanamhusu nini mgonjwa? Jibu limo katika protini. Kinasaba hubeba maagizo ya kuunda protini, na viumbe wenye asili moja hurithi protini zinazofanana. Njia hiyohiyo ya utafiti imeonyesha kwamba kamba wa baharini ni jamaa wa karibu wa wadudu kuliko buibui alivyo. Ndiyo maana tropomiosini, protini ya misuli inayowadhuru wengi wenye mzio wa kamba, hufanana na ile ya wadudu. Joto la kikaango haliiharibu kwa urahisi.

Haifai kuwatisha walaji: wengi hula senene kwa usalama na kupata protini na mafuta. Lakini mgonjwa aliyevimba midomo au kutokwa na vipele baada ya mlo huulizwa kuhusu samaki, mayai na dawa; wadudu husahauliwa. Swali hilo liingizwe katika mahojiano ya kila kliniki. Naye aliyewahi kudhurika kwa kamba amwone daktari kabla ya kuonja senene. Akibanwa pumzi baada ya kula, apelekwe hospitali mara moja, kwani adrenalini haingoji.

Vyuo vya tiba navyo visiuachie ughaibuni usomaji wa vinasaba vya wadudu waliwao nchini. Chakula kilichomo sahanini mwa mgonjwa kinastahili kujulikana ukoo wake.